Nafasi Niliyoitoa

Katika jiko letu mbegu ilikaa juu na mke wangu alikaa chini. Moshi ulimpitia yeye kwanza, ndipo ukaifikia mbegu. Nimeishi miaka mingi karibu na jiko lile, nimekula kilichopikwa humo asubuhi na jioni, na sikuwahi kuliona jambo hilo kama nilivyoliandika hapa. Nililiona kinyume chake. Niliona mbegu inapata moshi, nikamshukuru Mungu.

Nyumba yetu iko juu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Dongobesh ukiwa na magoti mazuri. Nyumba kubwa tuliiezeka bati zamani. Jiko tuliliacha na paa lake la nyasi, na chini ya nyasi zile kuna miti mitatu iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya miti hiyo mke wangu alining'iniza mahindi ya mbegu, mawili mawili, yamefungwa kwa maganda yake yenyewe. Chini yake palikuwa na mafiga matatu na kigoda. Kila alipopika, moshi ulipanda ukayazunguka mahindi yale mpaka yakawa meusi kama yamepakwa lami. Fukusi hawakuyasogelea. Ukiyapukuchua wakati wa kupanda, punje ndani ilikuwa nyeupe, nzito, na ilinuka moshi hata ikiwa ardhini.

Mbegu hiyo ilitoka kwa mama yake, Masakta, kule chini upande wa Hanang. Ni mahindi mafupi, yanayokomaa mapema, na mvua ikikatika katikati hayakuaibishi. Alikuja nayo siku tulipofunga ndoa. Wengine walileta sufuria na mablanketi, yeye akaleta hayo na kibuyu cha mbegu. Msimu kwa msimu aliipanda, akachagua mahindi mazuri, akayapandisha juu ya moto. Majirani walikuja kuomba. Mimi niliizungumzia mbegu hiyo kama yangu.

Nilikuwa katekista wa kigango chetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu wananiita mwalimu, na mke wangu pia aliniita hivyo, ingawa kinywani mwake neno hilo lilikuwa na ladha mbili kutegemea siku. Mungu amenitendea mema mengi. Nimefundisha watoto sala, nikawaona wakiwaleta watoto wao. Nimezika watu wakati padre hakuweza kufika kwa sababu ya matope. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Ninayoyasimulia hapa hayafuti shukrani zangu, ila yanakaa ndani yake kama jiwe ndani ya kiatu.

Mwaka mmoja ilitangazwa semina katika ukumbi wa parokia, Dongobesh. Alikuja mtaalamu kutoka mjini, kijana mstaarabu, aliyewaamkia wazee wote mmoja mmoja kabla ya kusimama mbele. Alifundisha juu ya misitu, mkaa na kuni, na hewa ukaa inayopanda angani na kuharibu majira ya mvua. Alisema nchi inataka tuache polepole kuishi kwa kukata na kuchoma, na kwamba hata sisi wa milimani tuna sehemu yetu. Kinamama wengi wa umri wetu hawakifuati Kiswahili kikienda mbio, basi padre akaniomba nitafsiri kwa Kiiraqw.

Nilitafsiri vizuri, na nilijua natafsiri vizuri. Hewa ukaa niliiita moshi usioonekana. Nilisimulia namna chemchemi ya kwa babu yangu ilivyokuwa na namna ilivyo sasa. Wazee walitikisa vichwa. Mtaalamu aliniangalia kwa furaha, kama mtu aliyepata ng'ombe wa kulimia aliyekwisha kufundishwa.

Mjane mmoja jirani yetu, mama asiyeogopa mtu, akanyanyua mkono.

"Huo moshi usioonekana tumeusikia," alisema kwa Kiiraqw. "Na huu unaoonekana? Huu unaotutoa machozi kila siku kana kwamba kuna msiba, huyu msomi hana habari nao? Au haujafika mjini?"

Kinamama walicheka mpaka wengine wakajifunika khanga usoni. Mtaalamu akatabasamu, akaniuliza, "Mama anasemaje, mwalimu?"

Nikajibu, "Anashukuru kwa somo."

Mke wangu alikuwa mstari wa pili. Kiswahili anakisikia vizuri kuliko wanavyodhani watu. Aliniangalia, akakohoa kidogo, akaangalia mikono yake.

Baada ya semina hiyo ulikuja mpango wa bayogesi. Parokia ilipata wafadhili wa kujenga mitambo michache tu, na masharti yalikuwa wazi. Mwenye kupewa awe na ng'ombe wasiopungua wawili wanaolishwa bandani, awe na maji karibu, na awe tayari kuchimba shimo mwenyewe. Ng'ombe wanatoa samadi, samadi inakorogwa na maji na kumiminwa shimoni chini ya kuba la matofali, gesi inapanda kwa bomba mpaka jikoni. Sisi tulikuwa na ng'ombe wanne na bomba la maji uani. Jina letu lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Mke wangu alilisikia jina hilo kabla halijasomwa kanisani. Jumamosi ile nilimkuta amesimama nyuma ya zizi akipima kwa hatua.

"Unatafuta nini, mama?"

"Nataka kujua shimo litakaa wapi. Hapa, au kule kwenye mgomba?"

"Tutaona."

"Hapa ni karibu na jiko," alisema. "Bomba litakuwa fupi."

Alikuwa tayari anakohoa wakati huo. Kikohozi kilianza alfajiri alipowasha moto na kilimfuata mpaka shambani. Tulikiita kikohozi cha baridi. Mwezi wa saba tulikiita cha baridi, mwezi wa kumi tukakiita cha vumbi, na mvua ziliponyesha tulisema ni unyevu. Zahanati walimpa dawa ya maji, akapata nafuu, akarudi jikoni. Kuni nazo zilikuwa zimekimbilia mbali. Alitoka na wenzake asubuhi kuelekea ukingo wa msitu na kurudi jua limepinda, na siku ambazo hazikupatikana kavu alipika kwa mbichi, akipuliza, akifuta macho kwa mgongo wa kiganja.

Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, mwenyekiti wa kigango alisoma orodha. Alipotaja jina langu watu wakapiga makofi. Nikasimama. Sikuwa nimepanga kwa maneno, lakini moyoni nilikuwa nimepanga. Nikasema kwamba mtumishi hatangulii mezani, na kwamba nafasi yangu namwachia jirani yangu mjane.

Kanisa lililipuka kwa vigelegele. Padre alinishika mkono mbele ya watu wote, akawaambia vijana waangalie, huu ndio utumishi. Wazee wenzangu walinipigapiga bega nilipokuwa natoka. Mjane mwenyewe alikaa tu mdomo wazi. Sikukisikia kigelegele cha mke wangu. Nilijiambia kwamba ni kifua.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni, maana nimeshafika umri ambao kuficha ni kazi nzito kuliko kusema. Nilimhurumia yule mama, hilo ni kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwaza juu ya ile mbegu. Moto wa gesi hauna moshi, na mahindi yale yangening'inia juu ya jiko safi kama nguo kwenye kamba, fukusi wakayamaliza kabla ya Krismasi. Niliwaza pia samadi yangu, ambayo niliizoea kwenda moja kwa moja kwenye vitunguu saumu. Nikawaza kuchimba shimo na mgongo wangu huu. Mawazo hayo matatu yalikuwa madogo na hayakuwa na nguo za kuvaa mbele za watu. Nikayavika unyenyekevu. Yalipendeza sana.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani, mke wangu alitangulia, kisha akasimama ili apumue.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Ile nafasi ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa yetu. Tumempa mwenye shida."

"Tumempa," alisema. Akapumua tena mara mbili tatu.

Nikaongeza, "Na mbegu ya mama yako, ingefukizwa na nini? Hilo nalo uliliwaza?"

Hakujibu. Nilichukua kimya chake kuwa nimemshinda kwa hoja. Tulipofika alivua viatu vya kanisani, akaingia jikoni, na baada ya kitambo kidogo moshi ukaanza kutoka kwenye nyasi kama kawaida.

Mtambo wa mjane ulijengwa, masharti yakalegezwa kwa heshima yangu. Nilikwenda kuubariki kwa maji ya baraka. Ulifanya kazi miezi michache, kisha kiangazi kikatukuta na ng'ombe wake mmoja akafa, akabaki na mtamba mmoja mwembamba. Mtamba mmoja hauwezi kulisha mtambo. Na maji aliyachota bondeni. Moto wa gesi ukawa mdogo, ukawa wa kuchemshia chai tu, ukazimika. Akarudi kwenye mafiga, na juu ya kuba lile la matofali akaanza kuanika vitunguu saumu.

Siku moja nilipita pale nikauliza habari za mtambo.

"Mtambo mzima, mwalimu," alisema. "Ulinipa tumbo zuri sana. Chakula ndicho ulichosahau."

Akacheka, nami nikacheka. Nilicheka njia nzima mpaka nilipofika kwangu na kumkuta mke wangu ameinama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja ukutani, anatafuta pumzi.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu baada ya Jumapili ile. Miaka mitatu, kila siku mara mbili, na siku za wageni mara tatu.

Kisha tope likashuka kutoka Mlima Hanang. Binti yetu ameolewa Katesh, na wakati huo walikuwa wamepanga nyumba mtaa wa Jorodom. Tope lilijaa uani kwake na chumba kimoja, likaishia hapo. Wao walitoka salama, na wengine wengi hawakutoka, Mungu awapumzishe. Mke wangu aliposikia alifunga mzigo wake siku hiyohiyo. Nilimwambia na kifua hicho utakwenda kufanya nini. Akasema, "Nitamshikia mtoto, yeye azoe tope." Akaondoka.

Binti na mumewe walihamia upande mwingine wa mji, chumba na sebule, na wanapikia mtungi wa gesi kama wengi wa pale mjini. Mke wangu alikwenda kwa wiki moja. Ikawa mbili. Nilikuwa nikipiga simu jioni na kuongea nao wote wawili, tukizungumza habari za misiba na misaada, na mimi nikimaliza kwa sala. Jioni moja binti alibaki kwenye simu baada ya sala.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Shikamoo tena."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna baya, baba. Nilitaka nikuambie tu. Mama ana siku tisa hajakohoa."

Nilisema, "Mungu apewe sifa."

"Ndiyo, baba. Lakini nilikuwa najiuliza," alisema polepole, kwa adabu, kama mtu anayeshusha kitu kinachoweza kuvunjika. "Huku vumbi ni jingi kuliko huko. Upepo ni mkali. Watu wote wanakohoa kwa vumbi la tope lililokauka. Yeye ndiye hakohoi."

Nilimwambia amsalimie mama yake, ambaye nilikuwa nimetoka kumsalimia.

Siku zile mimi nilikuwa na kazi nyingine. Mke wangu alipoondoka, jiko lilibaki baridi. Mimi nilikula kwa mke wa mdogo wangu upande wa pili wa shamba. Lakini mbegu ilikuwa juu, na kupanda kulikuwa hakujafika. Niliwaza kwamba bila moshi fukusi wataingia. Basi kila asubuhi na kila jioni nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda cha mke wangu, nikawasha moto. Sikupika chochote. Niliwasha moto ili mbegu ipate moshi.

Kigoda kile ni kifupi. Katika ndoa yetu yote nilikuwa sijakikalia. Ukikikalia, uso wako unakuwa palepale moshi unapogeukia kabla ya kupanda. Siku ya kwanza nilidhani kuni ni mbichi. Siku ya pili nikafungua mlango. Siku ya nne nikawa natoka nje kila baada ya muda, nasimama kama mbuzi aliyenyeshewa, kisha narudi. Macho yalivimba. Usiku kifua kilipiga filimbi. Nilijaribu kusali rozari pale kwenye kigoda ili nisiupoteze muda, na sikuweza kumaliza fumbo moja bila kukohoa.

Asubuhi ya siku ile baada ya simu ya binti, mjane alipita kuchukua toroli alilotuazima. Aliona moshi, akachungulia.

"Hodi. Mwalimu? Unapika nini?"

"Sipiki."

"Hupiki?" Aliingia, akaangalia mafiga matupu, akaangalia juu, akanielewa. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mungu wangu! Mzee mzima anakaanga hewa! Futa machozi, mwalimu, watu watasema mkeo amekuacha."

"Nafukiza mbegu," nilisema.

"Naona. Na mbegu nayo inakufukiza." Akajifuta macho, maana yalikuwa yameanza kumtoka naye. Kisha sauti yake ikabadilika. "Pole. Una siku ngapi humu?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," alisema. Alichukua toroli lake akaenda.

Nilibaki pale na hesabu ambayo sikutaka kuifanya, ya siku zangu kumi na moja ukiziweka pembeni ya zake.

Jioni nilimpigia mke wangu, nikaomba niongee naye peke yake. Sikujua pa kuanzia. Nikaanzia kwenye mbegu, kwa kuwa huko ndiko nilikozoea kujificha.

"Mama, mbegu yako naifukiza. Lakini nimechoka. Macho yamekuwa mekundu."

"Unaifukiza? Kwa nini?"

"Fukusi."

"Mwalimu, ishushe. Ipukuchue, changanya na majivu yaliyochekechwa, weka kwenye dumu kavu, ijaze mpaka juu kabisa, halafu zungushia mfuniko nta ya mshumaa. Fukusi hapati pumzi. Ndivyo mama yangu alivyofanya ile miaka paa lao lilipovuja."

Nikamuuliza:

"Ulikuwa unajua hilo siku zote?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Sasa mbona hukuniambia? Siku ile, tulipotoka kanisani, nilipokuuliza mbegu itafukizwa na nini, mbona hukusema?"

"Uliniuliza?" alisema, bila hasira. "Ulikuwa unaniambia. Mtu akiuliza anasubiri. Wewe ulikuwa umeshampa mtu na vigelegele vimeshapigwa. Ningesema nini, mwalimu? Nikunyang'anye mbele za watu?"

Kisha akasema neno ambalo ninalo mpaka leo.

"Hukutoa nafasi yako. Wewe hukai pale. Ulitoa yangu."

Niliomba msamaha kwenye simu, na nashukuru kwamba niliomba, ingawa simu si mahali pake. Alisema amesikia. Akasema mtoto analia, akakata.

Nilishuka Katesh, mimi na binti tukampeleka hospitali. Daktari, binti mdogo kuliko mwanetu, aliweka kifaa kifuani mwake, akamwambia apulize kwenye kidude fulani, akapiga picha. Aliuliza amepikia kuni miaka mingapi. Mke wangu akaanza kuhesabu tangu alipokuwa mtoto, daktari akamwambia inatosha. Alitueleza kwa upole kwamba moshi ukiacha kuingia, kifua hakitaharibika haraka kama zamani, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi. Alisema pia asipande milima, na akae mbali na baridi kali na moshi. Nilimuuliza, kama ningekuja miaka mitatu kabla? Alinitazama, akasema, "Mzee, tuangalie mbele." Watoto wa siku hizi wanafundishwa huruma ya namna hiyo, na ni nzuri, ila nilikuwa nimelielewa jibu.

Basi akabaki kwa binti, nami nikajenga. Niliuza dume mmoja, fundi akaja, na shimo likachimbwa pale nyuma ya zizi ambapo mke wangu alipima kwa hatua. Nilichimba mwenyewe kadiri mgongo ulivyoniruhusu, na vijana wa jumuiya wakamalizia. Bomba lilikuwa fupi, kama alivyosema. Nyasi za jiko tulizitoa tukaweka bati, lakini ile miti mitatu niliiacha. Ina masizi mazito kama ganda. Nilikwangua kidogo kwa kisu, na ndani ya masizi kulikuwa na masizi mengine. Nikaacha.

Siku gesi ilipopanda mara ya kwanza niliwasha kiberiti nikaona ule moto wa bluu, mtulivu, usiotaka kupulizwa. Nilikaa nikautazama. Haukunipa furaha niliyoitarajia. Ulikuwa mwepesi mno. Kwa miaka mitatu niliona kuuleta moto ule ni mzigo usiobebeka, na sasa ulikuwa pale unachemsha maji, na mtu niliyepaswa kumchemshia alikuwa Katesh.

Sasa kila asubuhi nakoroga samadi na maji. Ng'ombe wangu ni watatu, na wanatoa zaidi ya mahitaji ya mzee mmoja, kwa hiyo toroli moja nalipeleka kwa mjane, pamoja na madumu mawili ya maji. Mtambo wake umeamka. Siku ya kwanza nilipofika na toroli aliniangalia mikono.

"Mwalimu, haya ndiyo maji ya baraka ya siku hizi?"

"Haya ndiyo niliyonayo."

"Mimina," alisema. "Yale ya kwanza yalikuwa safi zaidi, lakini hayakuwasha kitu."

Masalia yanayotoka upande wa pili wa mtambo tunamwagia vitunguu saumu. Vinastawi kuliko nilipokuwa natumia samadi mbichi. Hilo nalo niliwahi kuliogopa.

Msimu uliofuata mke wangu alikuja kupanda. Binti alikataa, yeye akasema mbegu haipandwi kwa simu. Bodaboda ilimfikisha mpaka mlangoni, kwa mwendo wa gari la maiti, kama nilivyomwagiza dereva. Alishuka, akasimama kidogo akiangalia bati la jiko, akaingia. Mimi nilibaki nje. Nilimsikia akifungua na kufunga koki ya gesi. Kisha akaita.

"Mwalimu, mafiga yangu umeyaweka wapi?"

Nilikuwa nimeyatoa nje, nyuma ya ukuta. Alikwenda akayaona, akachagua moja, la upande wa mlango, akaniambia nilisogeze juani. Akalikalia. Nikamletea dumu la mbegu ya mavuno yetu ya mwisho. Alikwangua nta kwa kucha, akafungua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alitoa kiganja kimejaa, akapuliza majivu, akatazama punje kwa muda mrefu. Zilikuwa nzima zote.

"Hazinuki moshi," alisema.

"Hazinuki."

"Itachukua muda kuzoea."

Alikaa siku kumi na sita. Alipika kila siku, na hakukohoa akipika. Lakini kutoka jiko mpaka shamba alisimama mara nne, na asubuhi baridi ya kwetu ilipomwingia, midomo yake iligeuka rangi. Usiku wa mwisho alilala ameketi. Asubuhi sote wawili tulijua kwamba hatakaa. Jiko sasa lilikuwa linamfaa, mlima ndio ulikuwa umemkataa, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Nilimwambia kabla bodaboda haijafika kwamba Jumapili nitasimama kanisani. Nitawaambia watu ukweli, kwamba siku ile sikutoa changu, na kwamba sikutoa kwa moyo safi. Nilikuwa nimeliwaza kwa majuma. Niliona ndiyo haki, maana nilisifiwa mbele za watu, basi nishushwe mbele yao.

Alikuwa anafunga mbegu kidogo kwenye kitambaa, za kupanda uani kwa binti. Hakuinua kichwa.

"Usisimame," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Watakusifu tena."

Alimaliza kufunga fundo, akanipa mkono nimwinue kutoka kwenye jiwe.

Nimemtii. Kanisani sikusema. Nimeandika hapa, bila jina langu wala lake, ili kama kuna mzee mwenzangu ambaye mbegu yake iko juu na mke wake yuko chini, aende akakikalie kile kigoda siku moja tu, kisha amuulize mwenye jiko swali, na asubiri.

Ni asubuhi sasa. Ng'ombe wamekwisha kukamuliwa na samadi ipo kwenye ndoo. Nitakoroga, nitapeleka toroli kwa jirani, nitarudi nichemshe chai yangu. Saa nne nitampigia simu, na kabla ya sala nitasikiliza kwanza anavyopumua.